Sura ya Saba: Mbwa Akiona Ufuko

Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Methali hiyo humtia moyo mtu aliyekaribia kuokoka: kaza mwendo, nchi kavu ile pale. Kwa anayempakia mbwa halisi kwenye chombo katika Ghuba ya Mwanza, methali hiyo ina upande wa pili. Ghuba ni ndefu, inaingia kusini kwa kilomita zipatazo 60, lakini ni nyembamba. Ukitoka mjini kwenda Kamanga, upande wa Sengerema, ufuko haupotei machoni hata dakika moja. Nyuma unaona mawe ya Capri Point na Jiwe la Bismarck, mbele unaona miti na mabati ya Kamanga. Mbwa naye anaona. Na mbwa akiona ufuko, huruka.

Huruka mapema mno, chombo kikiwa bado na mita 50 au 100 za kwenda. Huruka kwa sababu amesikia mbwa wenzake wakibweka mwaloni, au amenusa dagaa walioanikwa mchangani, au amechoka tu kukaa juu ya kitu kinachoyumba. Atakayepata tabu hapo ni nahodha, ambaye inabidi ashushe tanga na kugeuza chombo mahali penye mitumbwi mingine, kamba za nanga na nyavu.

Katika sura zilizopita tumezungumzia mbwa wa kulinda nyumba na mbwa wa kuchunga mifugo. Hapa tunamzungumzia mbwa anayesafiri majini, na hoja yangu ni moja: karibu kila jambo linaloharibika kati ya gati na gati lilikwisha kuharibika nchi kavu. Safari ya mbwa majini huamuliwa wiki kadhaa kabla ya kamba kufunguliwa.

Nani humpakia mbwa, na kwa nini

Wapo wanaosafiri na mbwa kwa starehe. Pale Mwanza, kwenye klabu ya mashua iliyoko Capri Point, si ajabu kumwona mbwa amekaa shetrini kama mwenye chombo. Lakini wengi wanaovuka ziwa na mbwa wana kazi maalumu. Mtu amehama kutoka mjini kwenda Nyamatongo au Geita na hataki kumwacha mlinzi wake. Mwingine amenunua watoto wa mbwa mjini anawapeleka kijijini. Wavuvi wanaopiga kambi visiwani humchukua mbwa alinde injini, nyavu na taa za dagaa wakati wao wamelala mchana baada ya kukesha majini.

Mazungumzo ya gatini huwa mafupi.

"Mzee, huyo anaogelea?"

"Mbwa gani asiyejua kuogelea, mwanangu?"

Jibu hilo ndilo kosa la kwanza. Mbwa wengi hupiga miguu majini kwa silika, kweli. Lakini kupiga miguu ni jambo moja, na kufika ni jambo jingine. Mbwa mwenye pua fupi hulazimika kuinua kichwa juu sana ili apumue, sehemu ya nyuma ya mwili ikazama, akachoka upesi. Mbwa mzee, mbwa mnene na mbwa mwenye hofu huchoka vilevile. Hata mbwa hodari akifika ubavuni mwa mtumbwi hawezi kupanda, kwa kuwa ubao umesimama wima na hana pa kushikia kucha. Atazunguka chombo mpaka nguvu zimwishie, ilhali ufuko anauona.

Historia ya ziwa hili ina mbwa wake mashuhuri. Henry Morton Stanley alipoondoka Uingereza mwaka 1874 alikuja na mbwa watano: wawili wakubwa wa ulinzi, Castor na Captain, waliotolewa na mwanamke tajiri wa London, na watatu wengine, Nero, Bull na Jack, waliotoka kwenye makazi ya mbwa ya Battersea. Stanley alikuja pia na mashua yake, Lady Alice, iliyotengenezwa kwa vipande ili wapagazi waibebe kutoka pwani. Tarehe 8 Machi 1875 aliishusha majini pale Kageye, katika Magu ya leo, akalizunguka ziwa kwa siku 57. Mashua ilivuka bara zima hadi karibu na mwisho wa Mto Kongo. Katika mbwa wale watano hakuna aliyefika pwani ya Atlantiki. Walikuwa mbwa wa nchi ya baridi, na safari iliwamaliza mmoja baada ya mwingine. Anayeagiza leo mbwa wa manyoya mazito kwa ajili ya safari za ziwani anarudia uamuzi uleule. Mbwa wetu wa kienyeji, mwenye manyoya mafupi na mwili mwepesi, ana nafasi nzuri zaidi.

Tanga, uzito na kucha

Kivuko cha Kamanga ni chombo kikubwa chenye sakafu ya chuma, hubeba magari na mamia ya watu. Mbwa mmoja hawezi kukiyumbisha. Mtumbwi wa tanga ni habari nyingine. Mtumbwi wa mita saba au nane una upana wa mita moja na nusu hivi, na mbwa wa kilo 25 anayehama ghafla kutoka ubavu mmoja kwenda mwingine anaubadilisha mlalo wake. Binadamu akiambiwa akae upande wa juu, hukaa. Mbwa hufuata kivuli, na kivuli cha tanga mara nyingi kiko upande wa chini, palepale ambapo nahodha hataki uzito uongezeke.

Hatari kubwa huja wakati wa kubisha. Chombo kinapogeuzwa ili upepo uingie kwa upande wa pili, tanga na foromali vinahama kwa nguvu, demani inavutwa, na watu wanainama na kubadilisha nafasi. Mbwa asiyefundishwa atasimama katikati, kamba itamzunguka mguu, na pengine atamwuma anayejaribu kumtoa. Tiba yake ni kumpa mbwa mahali pake pamoja pasipobadilika. Mahali panapofaa ni chini, nyuma ya mlingoti, katikati ya chombo, ambapo myumbo ni mdogo na tanga halimfikii. Tandika gunia au mkeka wa zamani, maana ubao uliolowa unateleza na mbwa anayeteleza huingiwa na hofu. Hofu ndiyo humfanya asimame, na akisimama ataanguka.

Mafunzo haya hufanyika nchi kavu. Chukua gunia hilohilo, mzoeze mbwa nyumbani kulala juu yake hadi aitwe. Kisha mpeleke mwaloni, mweke ndani ya mtumbwi uliovutwa mchangani. Asikie tanga likipigapiga, asikie injini ya jirani. Siku nyingine mtumbwi uelee ukiwa umefungwa. Ndipo ufuate mzunguko mfupi karibu na ufuko, asubuhi, kabla upepo haujapanda. Mbwa aliyepitia hatua hizo ataingia chomboni kama anavyoingia uani kwake. Yule aliyebebwa mzobemzobe siku ya safari atakumbuka mtumbwi kama mahali alipotekwa.

Akianguka

Kwanza, usimfunge mbwa kwenye chombo. Ushauri huu huwashangaza wengi, kwa kuwa kufunga ndiyo njia rahisi ya kumzuia asiruke. Lakini mtumbwi ukipinduka, mbwa aliyefungwa kwenye taruma au mlingoti anakwenda nao. Kamba ishikwe mkononi na mtu mmoja aliyepewa kazi hiyo, tena mtu asiyeshika usukani wala demani. Iwe fupi, na iwe ya kuachiwa mara moja.

Pili, kamba isifungwe shingoni. Mbwa aliyening'inia ubavuni kwa mkanda wa shingo ananyongwa mbele ya macho yako. Tumia mkanda wa kifuani unaopita nyuma ya miguu ya mbele, wenye mshikio mgongoni. Fundi viatu au fundi wa mabegi anaweza kuushona kwa mkanda wa nailoni. Jaketi la kuelea lililotengenezwa kwa ajili ya mbwa ni bora zaidi, na rangi yake iwe ya kung'aa, kwa sababu kichwa cha mbwa wa kahawia kati ya mawimbi ya kijivu hakionekani. Jaketi la mtoto halifai, limeshonwa kumgeuza binadamu kifudifudi awe chali, na mbwa akigeuzwa chali hawezi kuogelea.

Tatu, akianguka, tanga lishushwe kwanza. Chombo kimkaribie polepole, mmoja akimwonyesha kwa kidole bila kuondoa macho. Mtoe kwa kushika mshikio wa mgongoni na kumwinua upande wa mbele kwanza, kisha makalio, huku wenzako wakikaa upande wa pili kusawazisha uzito. Usimrukie. Mbwa aliyetaharuki majini humpanda mtu kichwani na kumkwaruza, na ajali moja huwa mbili. Tena kwenye majani ya kando ya ziwa wako konokono wanaobeba kichocho, ugonjwa ambao watu wa mwambao wanaujua vizuri.

Kuna mtego mwingine ambao ni wa ziwa hili hasa. Magugumaji yaliingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na hadi leo upepo huyasukuma na kuyarundika kwenye ghuba. Kwa mbwa, tandiko lile la kijani ni shamba. Atalirukia kwa imani kabisa, miguu itapenya, na mizizi itamshika. Chini ya magugu hayo hupenda kujificha mamba na nyoka, na wakazi wa Sengerema na Buchosa hawahitaji kusimuliwa habari za mamba. Nahodha akiona magugu mbele, mshika mbwa akaze kamba.

Jua, maji na tumbo

Ziwa liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari na ikweta inalikata upande wa kaskazini, kwa hiyo jua lake ni kali kuliko linavyohisika, maana upepo hudanganya. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hupunguza joto kwa kuhema, na kidogo kwa nyayo. Sakafu ya chuma ya kivuko saa saba mchana humchoma nyayo hizo. Weka mkono wako juu ya chuma: ukishindwa kuuacha hapo kwa sekunde chache, mbwa naye hawezi kusimama. Dalili za kuzidiwa na joto ni kuhema kusikokoma, mate mazito, ufizi mwekundu sana, kisha kupepesuka. Mpeleke kivulini, mlowanishe maji tumboni na miguuni, mpepee.

Maji ya kunywa yatoke nyumbani. Mbwa wa kilo 20 huhitaji lita moja hivi kwa siku ya kawaida, na zaidi kwenye jua. Wengi huona ni kichekesho kubeba maji kwenda ziwani, lakini Ghuba ya Mwanza, kama Ghuba ya Winam upande wa Kisumu, hupata mlipuko wa mwani wa bluu-kijani pale mbolea na maji machafu yanaposhuka kutoka mijini na mashambani. Maji hugeuka kijani kama yaliyomwagiwa rangi, na utando hukusanyika ufukweni upepo unakousukuma. Baadhi ya mwani huo hutoa sumu inayoshambulia ini. Binadamu akiuona hukunja uso na kusogea. Mbwa huunywa, na hata asipounywa, akitoka kuogelea hujilamba manyoya. Anaweza kufa kwa muda mfupi sana. Ukiona utando wa kijani, mbwa asiguse maji. Akigusa, msafishe kwa maji ya chupa kabla hajajilamba.

Kichefuchefu cha chomboni huwapata mbwa pia, hasa watoto wa mbwa. Huanza kwa kupiga miayo, kulamba midomo na kudondosha mate. Usimlishe saa kadhaa kabla ya safari, na umpe chakula kidogo mkifika. Usimpe dawa iliyobaki nyumbani. Paracetamol na ibuprofen, ambazo kila nyumba inazo, ni sumu kwa mbwa. Dawa ya kutuliza tumbo itoke kwa daktari wa mifugo.

Kuhusu haja, kuvuka kwenda Kamanga ni nusu saa hivi na hakuleti shida iwapo mbwa ametembezwa kabla ya kupanda. Safari ya Nansio, Ukerewe, inachukua saa nyingi zaidi. Mbwa aliyefundishwa kutojisaidia ndani atajizuia mpaka aumie. Kwa safari kama hiyo chukua beseni pana lenye mchanga au nyasi za uani kwake. Harufu anayoijua itamruhusu.

Ndoano na dagaa

Mtumbwi wa uvuvi una jambo ambalo mashua ya starehe haina: umejaa ndoano. Kamba za ndoano za sangara huwekewa chambo cha samaki wadogo au mumi, na mbwa hawezi kuipita harufu hiyo. Ndoano ikinasa mdomoni au, mbaya zaidi, ikimezwa na chambo chake, hakuna mtu chomboni awezaye kuitoa bila hatari ya kumuua. Usivute kamba inayoning'inia mdomoni. Ikate, ukiacha kipande kirefu, kisha mpeleke mbwa kwa daktari. Ndoano zikae kwenye ndoo yenye mfuniko kabla mbwa hajapanda. Nyavu nazo zikunjwe na zifunikwe, kwani nyuzi nyembamba za nailoni hukata kati ya vidole vyake.

Mkifika, mwalo wenyewe ni mtihani. Dagaa wametandazwa, mama mwenye dagaa ameketi pembeni na fimbo, na mbwa wa pale wana mipaka yao. Mgeni akitua anapokewa kwa vita. Kwenye mialo iliyoboreshwa kwa ajili ya sangara wa kuuzwa nje kuna uzio, na sababu mojawapo ya uzio huo ni kuzuia wanyama. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulifungia samaki wa ziwa hili kwa sababu za usalama wa chakula, na viwanda vya Mwanza viliumia. Kwa hiyo mtu wa kikundi cha usimamizi wa mwalo anapokwambia, "Kaka, mbwa asiingie humu," anatetea mkate wa watu wengi. Shuka naye pembeni.

Abiria wenzako

Nimeeleza mengi kuhusu mbwa, lakini sehemu ngumu zaidi ya safari ni watu. Kwenye kivuko utakaa na mama aliyebeba mtoto mgongoni, mwanafunzi aliyewahi kuumwa na mbwa, na mzee anayekwenda kuswali. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, mate ya mbwa ni najisi nzito: kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa wako akimlamba mzee kanzu amemharibia swala, na kumwambia "hana neno huyu, anacheza tu" hakuondoi najisi. Mkalishe mbwa mwishoni mwa chombo, mbali na mizigo ya vyakula, wewe ukiwa kati yake na watu. Mtu akisogea, usichukie. Muulize mhudumu wa kivuko kabla ya kukata tiketi, na anapokuonyesha mahali, kaa hapo.

Kuna sababu nzito zaidi. Mwanza inajua maana ya chombo kupinduka. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 karibu kabisa na mji, na makaburi ya waliokufa yako Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kikiwa kimejaza kupita uwezo wake, kilipinduka karibu na gati ya Bwisya, Ukara, watu 228 wakapoteza maisha. Ajali hiyo ilitokea kivuko kikikaribia kutia nanga, wakati ambao abiria huanza kusimama na kusogea. Mbwa anayebweka, anayeuma au anayekata kamba katikati ya umati anaweza kuwafanya watu mia wakimbilie upande mmoja. Katika chombo kilichojaa, basi, mbwa asipande kabisa. Subiri kinachofuata.

Radi nayo ihesabiwe. Ngurumo za Ziwa Victoria huja zaidi usiku na alfajiri, na mbwa wengi walio watulivu kwa kila kitu hupoteza akili wakisikia radi. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa ziwa kila siku. Ukitabiri ngurumo, safari ya mbwa iahirishwe hata kama ya wavuvi haiahirishwi.

Kichaa kinachovuka maji

Maji mapana humzuia mbwa. Hayamzuii mbwa aliyepakiwa. Mfano wa wazi uko Pemba, kisiwa kilichotengwa na bara na mkondo wenye upana wa kilomita 50 hivi. Watafiti waliofuatilia kichaa cha mbwa kisiwani humo kuanzia 2010 hadi 2020, nyumba kwa nyumba na kwa kusoma vinasaba vya virusi, walikuta minyororo mitano ya maambukizi. Chanjo ya mbwa wa kisiwa kizima, iliyorudiwa kila mwaka, iliikata yote kufikia Mei 2014. Kisha chanjo ikalegalega. Mwishoni mwa 2016 virusi viliingia tena Pemba, mara mbili tofauti, na mlipuko ukaanza upya. Chanjo ilirudishwa, na Oktoba 2018 ugonjwa ukaisha tena. Hakuna mbwa aliyeogelea mkondo ule. Virusi vilikuja kwa chombo.

Ziwa letu lina visiwa vingi, na kambi za wavuvi huhama na mbwa wao. Kila mbwa asiyechanjwa anayepakiwa Kamanga, Kirumba au Nansio anaweza kuwa mwanzo wa kisa kama hicho. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, huua karibu kila mara, na duniani kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, wakiwemo watoto wengi. Mbwa huchanjwa kuanzia miezi mitatu, kisha kila mwaka. Karibu na Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, 28 Septemba, chanjo mara nyingi hutolewa bure. Akiumwa mtu chomboni, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na mkifika nchi kavu aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo.

Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003 inaipa serikali mamlaka ya kudhibiti usafirishaji wa wanyama kwa sababu kama hizi. Kabla ya safari, pita kwa daktari wa mifugo wa wilaya, upate cheti cha chanjo na kibali. Anayekwenda Kisumu au Entebbe anavuka mpaka wa nchi, hata kama hakuna geti linaloonekana majini, na atahitaji kibali cha nchi anayoingia.

Visiwa visivyopokea mbwa

Sehemu mbili za kuvutia zaidi katika eneo hili zimefungwa kwa mbwa, na ni haki. Kisiwa cha Saanane, kinachoonekana kutoka Capri Point, kilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964 na kikatangazwa hifadhi ya taifa 2013. Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu 1977. Mbwa wa kufugwa haingii hifadhini, na mwaka 1994 unaeleza kwa nini. Mwaka huo ugonjwa wa mbwa uitwao distemper uliwafikia simba wa Serengeti na kuua takriban theluthi yao. Chanzo chake kilihusishwa na mbwa wa vijiji vilivyopakana na hifadhi, ndiyo maana baada ya hapo mbwa wa vijiji hivyo walianza kuchanjwa kwa wingi. Kama mpango wako ni kupumzika Saanane, mwache mbwa na jirani. Usimfunge mtini ufukweni ukidhani utarudi baada ya saa moja.

Nani abaki nyumbani

Abaki mbwa asiyechanjwa, bila mjadala. Abaki mbwa mwenye mimba, mtoto wa mbwa chini ya miezi mitatu, mbwa mgonjwa, na mbwa anayeuma watu asiowajua. Abaki mbwa anayetetemeka kila anapowekwa mtumbwini hata baada ya wiki za kumzoeza, kwani wapo ambao hawatazoea, na kuwalazimisha ni ukatili.

Kwa hao, wakazi wa pande hizi sasa wana njia ambayo wazazi wao hawakuwa nayo. Tangu Juni 2025 magari yanapita juu ya Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu hivi. Kufika Kamanga kwa kupitia Sengerema ni mzunguko mrefu kuliko kivuko, na utalipa mafuta zaidi. Kwa mbwa mwenye hofu, na kwa abiria ambao wangekaa naye, gharama hiyo ni halali. Mwenye tanga na mbwa aliyeandaliwa avuke. Mwenye haraka na mbwa asiyeandaliwa azunguke darajani.